Uwiano wa Chipu Anauonyesha, wa Mfuko Wake Anauficha

Kuna kaka mmoja maarufu hapa Unguja, jina lisitiriwe, wa mjini wanamjua. Zamani alikuwa mtu wa mikeka ya mpira. Siku hizi ni "profesa" wa poka ya mtandaoni. Kila usiku stori zake ni zilezile: kompyuta mbili, kikombe cha kahawa, mapaa ya Mji Mkongwe dirishani, na vijisanduku vya rangi pembeni ya kila mchezaji. Maelezo mafupi: "Programu inasoma meza." Chini yake, linki.

Uongo! Programu ile haisomi meza wala haijui karata ya mtu. Inagawanya tu. Inachukua chipu ulizobakiwa nazo, inazigawa kwa gharama ya mzunguko mmoja, yaani madau yote ya lazima. Una chipu 12,000, madau ya lazima ni 400, 800 na nyongeza ya 800, jumla 2,000. Jibu ni 6. Maana yake ukikaa kimya bila kucheza, mizunguko 6 umekwisha. Wenye mchezo wao wanaiita M, kutoka jina la Paul Magriel, bingwa wa backgammon wa Marekani, na aliyeieneza vitabuni ni Dan Harrington, bingwa wa dunia wa poka mwaka 1995. Ukiwa juu ya 20 ni kijani, unapumua. Ukishuka chini ya 6 ni nyekundu: unasukuma zote au unaacha.

Hesabu yenyewe haina kosa. Anayecheza bila kuijua ni sawa na nahodha asiyejua maji ya kunywa yamebaki mangapi. Lakini hiyo ni hesabu ya skuli ya msingi! Wazee wa bao wanafuatilia kete 64 kwenye mashimo 32, kichwani tu, kahawa mkononi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuzia mtu linki.

Sasa tuje kwenye hela. Mashindano ya dola 11, kwa kawaida dola 10 zinaingia kwenye chungu na 1 inabaki kwa nyumba. Nyumba hailiwi. Wanaolipwa mara nyingi ni kama asilimia 15. Kwa hiyo wakiingia watu 1,000, kiasi cha 850 wanatoka mikono mitupu, na wengi wa waliobaki wanapata kama mara mbili ya kiingilio, basi. Mkwanja wenyewe uko kwa wachache wa juu kabisa. Profesa akiweka skrinishoti ya nafasi ya 3, swali ni moja: wiki hiyo aliingia mara ngapi? Akiingia mara 15 kwa usiku mmoja, hizo ni dola 165 zimekwenda. Hilo halimo kwenye stori.

Na ile linki? Makampuni ya poka huwalipa wanaoleta wachezaji, mara nyingi kwa sehemu ya makato wanayokatwa hao walioletwa. Maana yake profesa hahitaji wafuasi wake washinde. Anahitaji wacheze sana tu.

Halafu kuna asilolisema kabisa. GGPoker inakataza programu za nje za aina hiyo. PokerStars inaruhusu baadhi ya zinazoonyesha takwimu, lakini inakataza zinazokuelekeza ucheze vipi wakati mkono unaendelea. Dogo aliyefuata "darasa" bila kusoma masharti anaweza kufungiwa akaunti na hela yake ikazuiliwa. Atamlalamikia nani? Profesa ana kitufe cha kubloku.

Kinachomlinda mtu huyu zaidi ni aibu. Hapa ni Zanzibar, kila aliyekaa chuoni anajua Sura Al-Maidah aya ya 90 inasema nini kuhusu kamari. Kijana wa Darajani aliyepeleka hela ya upatu wa mama yake mtandaoni hawezi kwenda kulia barazani. Atamwambia nani, baba au shekhe? Ananyamaza, anakopa kwenye simu, anaingia tena. Anayeshinda mara moja anapiga kelele, wanaoliwa kila siku wanameza. Ukitazama mitandaoni unaona mji mzima unapiga pesa, kumbe unaona midomo michache tu iliyo wazi.

Mashabiki wake watasema huo ni wivu, poka ni akili si bahati. Sawa, poka ina akili ndani yake. Wapo duniani wanaoishi kwa mchezo huo, na wanaweka kumbukumbu ya kila senti iliyoingia na iliyotoka. Kama yeye ni mmoja wao, dawa ni rahisi. Programu nyingi za aina hii zina ukurasa mwengine usiozungumzwa: grafu ya faida na hasara, toka siku ya kwanza. Haitaki darasa wala linki. Ni kubonyeza mara moja tu.

Aifungue laivu, miezi 12 yote, bila kukata. Kama mstari unapanda, komenti zitajaa pongezi. Asipoifungua, wadau, jibu mnalo, na hela ya upatu ibaki kwa mama.