Kuoa, Kuolewa na Kuoana

Alfajiri moja ya mwaka jana niliingiza gari langu ferini Likoni, likiwa limebeba godoro, jiko la gesi na mabunda matatu ya nguo. Kando yangu aliketi kijana niliyepata kumfundisha chuoni. Kazaliwa Likoni, kasoma Likoni, na Kurani kaihitimu papo hapo mtaani. Siku hiyo alikuwa akihama, wala hakumuaga jirani hata mmoja. Ferini aliinamisha uso mpaka tukafika ng'ambo, kwa kuwa wanaomjua ni wengi.

Safari ya Nairobi ni ya kilomita zipatazo 480. Tulipita Mariakani, tukapita Mackinnon Road, tukaingia Voi jua likiwa juu, naye hajatamka neno. Tulipotua Mtito Andei kunywa chai, ndipo aliponiuliza: “Mwalimu, mtu akifiwa na mwenzi wake huitwa mjane. Mimi naitwaje?”

Kijana huyu aliishi miaka saba na mwanamume mwenziwe katika nyumba ya kupanga. Waligawana kodi, chakula na maradhi. Mwenziwe alipolazwa hospitalini, yeye ndiye aliyemkesha, lakini ilipohitajika saini ya jamaa, aliambiwa asimame kando, maana rafiki si jamaa. Mgonjwa alipofariki, ndugu zake walikuja wakauchukua mwili, wakachukua na vyombo vya nyumbani, vikiwamo alivyovinunua huyu aliyebaki. Mazishini alizuiwa asifike. Siku chache baadaye alikuta neno “shoga” limeandikwa mlangoni kwa makaa, na mwenye nyumba akampa siku tatu awe ameondoka.

Nimesomesha isimu kwa miaka mingi, na swali lile lilinishinda. Ndilo lililonisukuma kuandika leo, na nakusihi msomaji unisikilize hadi mwisho, hata kama tayari umekunja uso. Naamini kwamba serikali yetu inapaswa kuwaruhusu watu wazima wawili wa jinsia moja kufunga ndoa ya kiserikali.

Nianze na lile neno la mlangoni. Sisi wa pwani twalijua tangu utotoni, kwani ndilo walilokuwa wakiitana mama zetu na majirani zao kwa mapenzi. Mwanamke alimwita “shoga” mwandani wake wa siri na wa shida. Leo neno hilo limegeuzwa jiwe la kumtupia kijana wa kiume. Ulimi unaoweza kuligeuza neno la upendo kuwa tusi hauwezi kudai kwamba maana za maneno hazibadiliki.

Tazama sasa neno “ndoa”. Twafunzwa kwamba mume huoa na mke huolewa, mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Lakini Kiswahili hakikuishia hapo. Kina pia “kuoana”, kitenzi cha kutendana, ambacho hakiulizi nani mume na nani mke. Kinataka wawili tu, na kila mmoja ampe mwenziwe ahadi ile ile aliyopewa. Sarufi si sheria, nakiri. Hata hivyo, yatukumbusha kwamba ndoa ina uso zaidi ya mmoja.

Wala sheria zetu hazikuujua uso mmoja tu. Mwaka 2011, katika Mahakama Kuu ya hapa Mombasa, Jaji J. B. Ojwang aliamua kesi ya mirathi ambamo mwanamke alidai urithi wa mwanamke mwenziwe aliyemwoa kwa mila ya Kinandi. Jamaa wa marehemu walipinga. Jaji alisema ndoa hiyo yatambulika, na mdai ana haki ya kuhesabiwa katika nyumba ya marehemu. Mila kama hiyo imejulikana pia kwa Wakamba, Wakuria na Wakikuyu. Sitaki kumghilibu msomaji: ndoa hizo ziliwekwa kwa ajili ya ukoo na mali, si kwa ajili ya mapenzi ya wawili. Lakini mtu asituambie kwamba Mwafrika hajapata kusikia mwanamke akimwoa mwanamke. Amesikia, ametoa mahari, na mahakama ya mji huu imeutambua ukoo uliotokana na hayo.

Mjane yule wa Kinandi alipata mlango wa kubisha. Kijana wangu hana. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake, na Sheria ya Ndoa ya 2014 yaeleza ndoa kuwa ni muungano wa mume na mke. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza ingali inatisha kwa kifungo cha miaka 14. Mahakama Kuu ilipoombwa mwaka 2019 iviondoe vifungu hivyo, ilikataa, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba kuviondoa kungefungua mlango wa mahusiano yanayokiuka Kifungu cha 45. Kwa hiyo wasemao kwamba ndoa ni anasa, tuzungumzie kwanza usalama, wakumbuke hili: ndoa wasiyoiomba ndiyo iliyotumiwa kuwanyima usalama walioomba.

Wapo wasemao hili si suala kwa Wakenya. Rais Uhuru Kenyatta alisema hivyo Julai 2015, akiwa na Rais Obama pale Nairobi. Mwezi Februari mwaka huo huo, wanaume wawili walikuwa wamekamatwa Ukunda, mwendo mfupi kutoka Likoni, wakaletwa Mombasa kupimwa miili yao kwa namna ambayo kalamu yaona haya kuieleza. Iliwachukua hadi Machi 2018 Mahakama ya Rufaa kusema kwamba upimaji ule ulivunja Katiba. Na Februari 2010, kule Mtwapa, ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili watafunga harusi. Umati ukakizingira kituo cha utafiti wa afya kilichohudumia watu kuhusu Ukimwi, na watu wakapigwa. “Lisemwalo lipo,” walisema. Harusi yenyewe haikuthibitishwa kamwe, lakini majeraha yalikuwapo. Jambo linalowatoa watu majumbani kwa marungu haliwezi kuwa si suala.

Najua hoja iliyo nzito kuliko zote mtaani kwetu ni ya dini, nami sitaipita kwa mzaha. Nikaha ni ya Waislamu na ndoa ya kanisani ni ya Wakristo, na wenye dini ndio wenye kuamua nani amestahili kuifunga. Sitaki kadhi wala padri alazimishwe kumfungisha mtu yeyote. Lakini serikali ina ofisi ya msajili ambayo haiulizi mtu anaswali wapi, na hati itokayo mle yahusu saini ya hospitalini, mirathi, na nani ana haki ya kuzika. Afrika Kusini iliruhusu ndoa hizi mwaka 2006. Misikiti na makanisa yake yangali wazi, na wanaume na wanawake wangali wanaoana.

Najua pia kwamba safari hii ni ndefu. Kifungu cha 45 kimo katika sura ya haki, na kukibadilisha kwahitaji kura ya maamuzi. Kura hiyo ikipigwa kesho, upande wangu utashindwa vibaya. Hilo halinizuii kusema nitakavyopiga yangu. Kwa sasa, Bunge laweza kuifuta ile adhabu ya miaka 14 bila kura ya maamuzi yoyote. Na wewe msomaji, ikiwa una nyumba ya kupangisha na mpangaji wako halipi pungufu wala hamsumbui mtu, waweza kumwacha akae bila kungoja Bunge.

Tuliwasili Nairobi jioni, tukapandisha godoro ghorofa ya tatu, katika chumba kimoja kisicho na upepo. Aliniuliza kama bahari yaonekana kutoka barabara yoyote ya mji ule, akacheka mwenyewe. Nilirudi peke yangu siku ya pili. Mamake, ambaye hakumtukana wala hakumtetea, alikuja kwangu usiku akitaka kujua kama mwanawe amefika salama. Nilimwambia amefika. Akauliza atarudi lini. Swali hilo nalo sikuwa na jibu lake, na nadhani si mimi ninayepaswa kulijibu, bali ni sisi sote tuliobaki Likoni.