"Mwisho wa Siku" ni Siku Gani?

Hapana shaka msomaji amekwisha kuyasikia, na pengine leo hii kabla ya adhuhuri, maneno "mwisho wa siku", ambayo watangazaji, wanasiasa na makocha wa mpira hawawezi tena kutimiza jawabu bila ya kuyatia, hali hawakusudii magharibi wala kuchwa kwa jua, bali wanafasiri neno kwa neno usemi wa Waingereza, "at the end of the day", ambao kwao maana yake ni kwamba yakishapimwa yote, hili ndilo litakalobaki. Na Waingereza wenyewe umekwisha kuwachosha: mwaka 2004 jumuiya ya Plain English Campaign, ipiganiayo Kiingereza chepesi, iliwauliza wafuasi wake katika nchi zaidi ya 70 ni usemi gani unaowaudhi kupita yote, na huo ndio ulioshika nafasi ya kwanza.

Sina ugomvi na kukopa, kwani lugha yetu imekopa kwa Waarabu, Waajemi, Wahindi na Wareno, na baiskeli iliingia kwa jina lake ikakaribishwa. Lakini mkopo huu umekuja umevaa nguo zetu wenyewe, ukaketi mahali penye mwenyewe.

Jirani yangu, mtu mzima, alikwenda kwa fundi wake wa cherehani asubuhi ya siku iliyotangulia Idi kuulizia kanzu yake. Fundi, pini zikiwa mdomoni na kitambaa cheupe kimemlalia begani, akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, mzee wangu, mwisho wa siku utaipata." Mzee, aliyelelewa katika hesabu ya siku inayokwisha jua linapokuchwa, akarejea baada ya sala ya magharibi, akakuta mlango umefungwa.

Fundi hakusema uongo. Alikusudia "hatimaye", nalo neno hilo analijua, kama anavyojua "alhasili", la kukusanya maneno yaliyotawanyika, na "pamoja na hayo yote", la mwenye kukubali hoja ya mwenziwe na bado akaishika yake. Maneno haya hayafanani, na aliyeyaacha yote kwa ajili ya moja humlazimisha msikilizaji kubahatisha. Basi nawasihi wahariri, ambao kalamu yao ndiyo inayoigwa na mafundi wetu, wayarejeshe kila moja mahali pake.

Kanzu ilipatikana Idi pili. Sala ya Idi mzee aliiendea na ile ya mwaka juzi, iliyofifia ukosini.