Uhuru Ilipita Juu ya Mwanza

Mwaka jana kwenye BTP nilimdanganya mwanafunzi. Sikukusudia, lakini nilimdanganya.

Ilikuwa shule moja ya kata kando ya ziwa, kidato cha tatu, mada ya vyombo vya mwanga. Nimechora ubaoni darubini ya kuangalia nyota, lenzi mbili, mistari ya miale imenyooka kwa rula, najiona mwalimu kamili. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye baba yake ni mvuvi wa dagaa, akanyoosha mkono. Aliuliza kwa Kiswahili ingawa somo ni la Kiingereza: “Mwalimu, zile eksirei za hospitali, nyota nazo zinazitoa? Na darubini hii inaweza kuziona?” Darasa likacheka. Mimi, badala ya kusema sijui, nikajibu kwa kujiamini kabisa: “Hapana. Nyota inatoa mwanga. Eksirei inatengenezwa na mashine.” Nikafuta ubao.

Jibu la kweli ni kwamba nyota zinazitoa. Hata Jua letu linazitoa. Roketi ziliyagundua hayo tangu miaka ya 1940. Ukitazama fundi chuma akipasha nondo utaona inaanza nyekundu, kisha njano, kisha inaelekea weupe. Kadiri kitu kinavyozidi joto ndivyo mwanga wake unavyosogea upande ule. Nyota yenye joto kubwa sana inatoa zaidi miale ya urujuanimno, ile iliyopita rangi ya mwisho ya upinde wa mvua, ambayo macho yetu hayaioni. Gesi ikifika joto la mamilioni ya nyuzi, inatoa eksirei. Kwa hiyo swali la yule binti lilikuwa zuri kuliko mada yangu yote ya siku ile.

Na sehemu ya pili ya swali lake nayo ilikuwa na akili. Darubini niliyochora haiwezi, na hakuna darubini ya ardhini inayoweza. Urujuanimno nyingi inaishia kwenye ozoni, na eksirei hazifiki chini kabisa. Mtu atashangaa: eksirei inapita kwenye nyama ya mkono, itashindwaje na hewa? Lakini hewa yote iliyo juu ya kichwa chako, ukiipima kwa uzito, ni sawa na kukaa chini ya maji ya kina cha kama mita 10. Ndiyo maana wanasayansi wanapeleka vyombo angani.

Sasa hapo ndipo nilipoumia, maana nilipoanza kusoma haya (usiku, kwenye vimbwete, bando likiwa limebaki kidogo) nilidhani nitaishia Marekani. Nikajikuta Malindi.

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 150. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na mama aliyesimamia mradi upande wa NASA, Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Hadi leo mwanaanga wa Japani au Chile akitaja orodha ya kwanza kubwa ya vyanzo vya eksirei, anataja neno letu. Orodha yenyewe katika toleo lake la nne ina vyanzo 339.

Kwa nini walikuja huku? Sababu ni Ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi Ikweta, kwa hiyo roketi ndogo inapata msukumo wa bure. Pia, setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta inakwepa eneo la mionzi lililo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambalo lingevuruga vipimo vyake. Uhuru haikutoka zaidi ya nyuzi kama 3 kaskazini au kusini mwa Ikweta. Chukua ramani: Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini. Yaani kile chombo, kilichozunguka dunia kwa kama dakika 96, kilikuwa kinakatiza anga letu mara kama 14 kwa siku, kwa zaidi ya miaka miwili. Wavuvi wa dagaa walikuwa na karabai zao chini, chenyewe kiko juu yao kama kilomita 500.

Na kiliona mambo. Kuna chanzo kinaitwa Centaurus X-3: eksirei zake zinapiga kila baada ya sekunde 4.8, kisha kila siku mbili zinakatika, halafu zinarudi. Wakaelewa kwamba ni nyota ndogo nzito sana, ya nyutroni, inayonyonya gesi ya mwenzake, na kila baada ya siku mbili inajificha nyuma yake. Halafu kuna Cygnus X-1. Eksirei zake ziliruka-ruka haraka mno, dalili kwamba kitu chenyewe ni kidogo sana kwa ukubwa. Waliofuatilia kwa darubini za ardhini wakakuta nyota kubwa ya bluu inayovutwa huku na huku na kitu kisichoonekana. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kukubalika na wengi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kundi la Uhuru, alipata Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Nimesoma fizikia tangu kidato cha kwanza na sijawahi kusikia habari hii darasani. Kidato cha nne tulikuwa na mada ya eksirei, na mada mbili mbele yake kulikuwa na mada ya astronomia, na hakuna aliyetuambia kwamba hizo mbili zinakutana. Kusema ukweli, ile ya astronomia wengi wetu hatukufundishwa kabisa. Iko mwishoni mwa mtaala, mitihani inakaribia, mwalimu anasema “mtajisomea”. Na sisi tunaosoma ualimu tunajiandaa kusema hivyo hivyo. Niliwauliza wenzangu sita wa fizikia ni nani aliyewahi kuandaa andalio la somo la mada hiyo. Hakuna, na mimi nikiwemo.

Rafiki yangu mmoja ananiambia nyota haziletei mtu ugali, na kwamba shule zenyewe hazina maabara. La maabara ndilo linalonipa nguvu: mada hii haihitaji maabara. Unahitaji kujua kwa nini eksirei haiakisiwi na kioo cha kawaida, na hilo mtoto wa ziwani analijua tayari. Jiwe ukilitupa wima majini linazama. Ukilirusha bapa, kwa kulaza, linaruka-ruka juu ya maji. Uhuru yenyewe haikuwa na vioo, ilihesabu tu miale, lakini darubini ya Chandra iliyorushwa mwaka 1999 inakusanya eksirei kwa vioo vilivyolazwa namna hiyo. Ugali siwezi kuuahidi, ila hata historia ya mtemi wa zamani hailetei mtu ugali na tunaifundisha.

Kuna jambo lingine linanikera, na sitaki kulifunika kwa furaha ya jina. Sisi tulitoa bahari, Ikweta na neno la Kiswahili. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, na elimu iliyopatikana ikaenda kwao. Ila leo data za Uhuru ziko wazi, na za Chandra nyingi hufunguliwa kwa kila mtu baada ya muda. Mwanafunzi wa Malimbe anaweza kuzipakua kwa bando la usiku. Kinachotuzuia sasa si Wamarekani.

Ombi langu kwa wana-education wa fizikia ni dogo. Siku za giza, wavuvi wanapoingia ziwani kwa sababu hakuna mbalamwezi, anga ni safi kuliko siku zote. Tukutane ufukweni Ijumaa moja ya giza, kila mtu aje na andalio moja la somo la astronomia, kwa Kiingereza cha mtihani na kwa Kiswahili cha kueleweka, tukosoane.

Langu liko tayari. Julai tunarudi BTP na nimeomba shule ile ile. Yule binti atakuwa kidato cha nne, na kabla ya kuandika mada ubaoni nitamwomba arudie swali lake.