Usiufupishe ufito kwa sababu ya bodaboda

Mtu akiniletea ufito wa kuvulia na kuniambia, "Mzee, nipunguzie hapa," swali langu la kwanza ni hili: unakwenda kuvua wapi? Wengi hushangaa, maana wamekuja kwa kazi wanayoidhani ya dakika tano. Lakini anayevua katika mto Ruvubu au Kagera anasimama kando ya maji yenye mamba na viboko, na urefu wa ufito ndio unaomwezesha kukaa nyuma, kwenye udongo mkavu, huku ndoana yake ikiwa mbele ya matete. Ukiupunguza mita moja, umemsogeza mwenyewe mita moja kuelekea majini. Kwa hiyo nashikilia neno moja na sitaliachia: ufito wa mtoni usifupishwe kwa sababu ya usafiri. Ugawanywe.

Mimi ni seremala hapa Ngara. Katikati ya vitanda na fremu za madirisha natengeneza fito, nyingi za mianzi, na mara chache zile za nyuzi za kioo au za kaboni ambazo mtu ameletewa na ndugu yake kutoka mbali, zikiwa tupu, hazijafungwa pete za kupitishia uzi wala mpini. Wateja wangu wengine wanatoka Rulenge na Kabanga, wengine Biharamulo, pande za Nyakahura na Lusahunga. Wote wana shida moja. Maji yako mbali na nyumbani, na usafiri ni bodaboda. Ufito wa mita nne ukilazwa juu ya pikipiki, kwenye barabara ile ya malori yanayotoka Nyakanazi kwenda Rusumo na Kabanga, ni hatari kwa aliyeubeba na kwa anayepishana naye. Hilo silibishi hata kidogo. Ninachobisha ni dawa wanayoitumia. Kijana anachukua panga, anapiga pigo moja, ufito unakuwa wa mita mbili na nusu, unaenea vizuri kwenye pikipiki. Akifika mtoni anajikuta hana budi kukanyaga tope la ukingoni ili chambo kifike kwenye kina.

Watu walilifikiria jambo hili zamani sana. Uingereza kuna kitabu kuhusu uvuvi wa ndoana kilichochapishwa mwaka 1496, na sehemu nzuri ya kurasa zake inaeleza namna ya kutengeneza ufito wa vipande: shina linatobolewa kwa chuma cha moto, kipande cha juu kinaingia ndani yake, na mwenye ufito anatembea nao barabarani kama bakora bila mtu kujua anakwenda kuvua. Zaidi ya miaka 500 imepita, na sisi bado tunatupa kipande cha ufito jalalani kwa sababu ya pikipiki.

Kwa mwanzi kazi yenyewe inakwenda hivi. Chukua mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu na kuendelea, uliokaushwa kivulini mpaka ukawa mwepesi na ukigongwa unalia. Mwanzi mbichi ukiukata leo, kiungo kitalegea utakapokauka. Tafuta mahali katikati ya pingili, si juu ya kifundo, kwa kuwa unahitaji ule uwazi wa ndani, na uweke alama hapo. Kabla ya msumeno kugusa kitu, zungusha uzi wa nailoni pande zote mbili za alama, upana wa vidole viwili kila upande, ukaze, upake gundi, uache ukauke. Uzi huo ndio unaozuia ufa. Mwanzi una nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na ufa ukishaanza hausimami mpaka ufike kwenye kifundo. Ndiyo maana panga halifai kabisa: linaponda upande mmoja na kupasua upande wa pili, na mara nyingi ufa huo huuoni kwa macho mpaka siku kambare amekamata ndoana.

Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, huku ukiuzungusha ufito polepole. Kwanza ganda lote kuzunguka, ndipo uingie ndani. Mwisho usivunje kwa mkono kile kidogo kilichobaki; ukivunja, kinachanika na kuondoka na ganda. Ganda la mwanzi lina silika, ile ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, kwa hiyo kibanzi chake kinakata kama wembe. Nimewafunga vitambaa vijana wengi waliopitisha kidole kwenye mkato mpya ili kuona kama umenyooka. Pitisha msasa kwanza, kidole baadaye.

Kiungo nakichonga kwa mti wa mpera, kwa sababu ni mgumu na haupasuki ovyo. Nusu yake inakaa ndani ya kipande cha shina kwa gundi, nusu nyingine inachomoza na kuingia kwenye kipande cha ncha. Kile kinachochomoza kisiwe kifupi kuliko mara sita ya unene wake, la sivyo samaki akivuta ufito utajikunja mahali pamoja na kukatika hapo. Basi. Ufito wa mita nne umekuwa vipande viwili vya mita mbili, unafungwa kando ya pikipiki au baiskeli, na mtoni unarudi kuwa wa mita nne.

Fito za viwandani zinataka uangalifu zaidi, na huku kwetu ndizo zinazokatwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa mtu akiona kitu kigumu kinachong'aa anadhani ni chuma. Si chuma. Tangu kampuni ya Shakespeare ya Marekani ianze kuuza fito za nyuzi za kioo miaka ya 1940, na zile za kaboni zifuate miaka ya 1970, siri yake haijabadilika: nyuzi nyembamba sana zilizoshikanishwa kwa gundi, mara nyingi zimefanywa mrija wenye uwazi ndani, mnene shinani na mwembamba nchani. Mrija huo ukiubana kwenye jiliwa unapasuka ndani kwa ndani bila kulia. Ukiukata kwa koleo unapondeka. Mimi naulaza kwenye mbao mbili nilizochonga mfereji, nimezitandika kitambaa, na msaidizi wangu anaushika kwa viganja tu. Mahali pa kukata nazungusha solotepu raundi kadhaa, nachora alama juu yake, na msumeno unapita katikati ya solotepu ili nyuzi zisichomoke. Mkono uwe mwepesi, ufito uzunguke, kama kwa mwanzi.

Halafu kuna vumbi. Hapa nasema na mafundi wenzangu kwa moyo wote, kwa sababu tuna kiburi cha kuzoea. Vumbi la mninga umelizoea. Hili si lile. Vipande vya nyuzi za kioo vinachoma ngozi, vinawasha macho na koo, na vile vidogo sana vinaingia kifuani. Vumbi la kaboni ni jeusi na jepesi, linaelea na kukaa kwenye nywele na nguo. Kazi hiyo ifanyie nje, upepo ukutokee mgongoni. Vaa barakoa na miwani. Lowanisha: mtu mmoja adondoshee msumeno maji wakati unakata, na msasa utumike ukiwa umelowa, ili vumbi lishuke chini likiwa tope. Usipulize mkato kwa mdomo. Watoto wasikae karibu, na yale maji machafu yasimwagwe mahali wanapochezea. Shati ulilovaa lifuliwe peke yake, lisichanganywe na nguo za mtoto mchanga. Barakoa tulizozinunua wakati wa korona bado ziko kwenye madroo ya nyumba nyingi. Japo si kinga kamili, ni bora kuliko pua tupu.

Wapo wenye sababu ya kweli ya kufupisha. Mtoto anayevua sato kwenye bwawa la kuchimbwa hahitaji mita nne, na mzee mwenye bega bovu anataka kitu chepesi. Nao nawaambia: tukate upande wa shina. Mtu akitazama ufito anaona ncha nyembamba na kudhani hapo ndipo pa kupunguza kwa urahisi, lakini ncha ndiyo inayohisi samaki akigusa chambo, na ndiyo inayopinda ili uzi usikatike anapokurupuka. Toa urefu wa kidole nchani, ufito unakuwa mgumu ghafla. Toa urefu wa kiganja shinani, hutaona tofauti kubwa. Na usikate kabla ya kujaribu. Funga kijiwe nchani, shika ufito pale unapotaka mwisho wake uwe, uuchezeshe, kaa nao hata siku nzima. Alama ya chaki inafutika. Ukishakata, paka mdomo wa mkato gundi ili maji yasiingie katikati ya nyuzi.

Faida nyingine ya ufito wa vipande ni mpya kwetu, nayo inahusu umeme. Kaboni inapitisha umeme, na hata mwanzi uliolowa unapitisha. Miaka ya nyuma vijijini kwetu nyaya zilikuwa chache. Sasa tuna mtambo wa Rusumo wa megawati 80, tunaogawana na Rwanda na Burundi, na laini ya kilovolti 220 inatoka pale hadi Nyakanazi, mbali na nyaya ndogo zinazopita juu ya njia zetu na mashamba ya migomba. Mtu anayetembea na ufito mrefu ameunyoosha juu, akipita chini ya waya, amebeba kifo mkononi. Kiungo kinamwezesha kuuchomoa na kuushika chini kabla ya kufika pale. Na mawingu ya radi yakianza kujikusanya, jambo la kawaida katika ukanda huu wa Ziwa Victoria, auchomoe, aulaze chini na aondoke kando ya maji.

Mtu anaweza kusema nashughulika na kitu kidogo mno. Nani atakula kwa ndoana, wakati wengine wana nyavu? Nami namuuliza: ningu yuko wapi? Wazee wa bonde la Kagera wanamkumbuka ningu akipanda mto msimu wa mvua kwenda kutaga. Tangu katikati ya karne iliyopita nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito zilimkamata akiwa na mayai, na idadi yake ikaporomoka. Ndoana inachukua samaki mmoja mmoja, na mdogo unaweza kumrudisha akiwa hai. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009 zinapiga marufuku sumu, kokoro na nyavu za timba, na maofisa wetu wanapozikamata na kuzichoma nawaunga mkono. Lakini yule kijana aliyechomewa timba yake kesho atakula nini? Akipewa ndoana bila kufundishwa, atakata mwanzi mbichi kwa panga, utavunjika, naye atarudi kwenye timba.

Hapo ndipo ombi langu lilipo, na nalitoa kwa halmashauri zote mbili, Ngara na Biharamulo. Maofisa uvuvi wanafanya mikutano na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Wanaeleza leseni, wanaeleza ukubwa wa samaki, wanaeleza mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019, ambamo huwezi kuingia na ndoana bila kibali. Yote ni ya lazima. Wapate nafasi pia ya kuonyesha kwa vitendo mwanzi unavyokaushwa, unavyofungwa uzi, unavyokatwa na kuungwa. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi ana chuo Nyegezi, Mwanza, kinachofundisha zana za uvuvi; wakufunzi wake wakija huku kwa ajili ya ziwa, waombwe wasiisahau mito. Na vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha useremala viongeze kiungo cha mwanzi kwenye mazoezi ya wanafunzi. Kijana anayeweza kuunganisha mguu wa meza hatashindwa kuunganisha ufito, na soko analo hapo hapo kijijini.

Wenye maduka ya vifaa nao wana sehemu yao. Ukimuuzia mtu ufito wa nyuzi za kioo, usimkatie kwenye kaunta kwa koleo la nyaya ili umfurahishe. Mpeleke kwa fundi. Na wewe dereva wa bodaboda, abiria akija na vipande viwili vimefungwa kwa kamba, usimtoze nauli ya mzigo mrefu.

Mafundi wa Rulenge, Kabanga, Nyakahura na Lusahunga wanaotaka kuona kiungo kinavyochongwa, karibuni karakana yangu siku yoyote baada ya saa tisa mchana. Mwanzi mkavu upo na mpera upo. Msumeno wenye meno madogo kila mtu aje na wake, na barakoa.