Pikapu chukua, tangi la zimamoto liache

Kama unaishi Lodwar, Kakuma au popote kwenye ile barabara ya kutoka Kitale kwenda Nadapal, huhitaji kuelezwa Land Cruiser pikapu ni nini. Ndiyo matatu, ndiyo ambulensi, ndiyo lori la mbuzi, na siku ya harusi ikifungwa maua ndiyo gari la bibi harusi. Sasa jua hili pia: baadhi ya magari madogo ya zimamoto ni pikapu hiyohiyo, ila imevishwa tangi, pampu, king'ora na rangi nyekundu. Gari la aina hiyo likistaafishwa na kupigwa mnada, mtu anaweza kulinunua, kulivua magwanda na kulirudisha kwenye kazi ya kubeba samaki kutoka Kalokol au saruji kwenda Kalobeyei.

Sisi tunaliunga mkono wazo hilo. Tena tunataka vijana wa Turkana waliwahi kabla ya madalali wa kutoka mbali, wanaojua kusoma matangazo ya mnada mapema kuliko sisi. Lakini tuna neno kuhusu tangi, na tunaomba usiruke aya hadi ufike hapo.

Kwanza gari. Si ajabu Land Cruiser kuwa ya zimamoto. Toyota walipoanza kuliunda mwaka 1951, likiwa bado linaitwa Jeep BJ, mojawapo ya aina za mwanzo ilikuwa shasi ya kufungiwa vifaa vya kuzimia moto. Jina Land Cruiser lilikuja 1954. Familia ya 70 ilitoka 1984, na pikapu ya 79 tunayoijua ikafuata 1999. Nyingi zinazozunguka huku kwetu zina injini ya 1HZ: dizeli, lita 4.2, mitungi sita, haina tabochaja wala kompyuta ya kukusumbua akili. Fundi wa jua kali wa Lodwar anaifungua kwa spana na kuifunga kabla ya magharibi. Ustadi huo haukushuka kutoka mbinguni. Tangu 1989, Operesheni Lifeline Sudan ilipoifanya Lokichoggio kuwa kituo cha misaada, na tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa 1992, magari ya mashirika yamekuwa yakija huku mapya na kuuzwa yakichoka. Vijana wamejifunza kazi kwa kufufua kile wengine walichochoka nacho.

Kwa hivyo tatizo si ufundi. Tatizo ni kwamba gari la zimamoto hukudanganya.

Ukichungulia dashibodi, utaona kilomita chache ajabu. Usishangilie haraka, mazee. Gari hili huenda kwenye moto, likasimama hapo saa mbili tatu injini ikinguruma, kisha likarudi. Kilomita hazikuongezeka, lakini injini imefanya kazi, na mafundi wengi hukadiria kwamba saa moja ya kunguruma palepale ni sawa na kuendesha makumi ya kilomita. Ukiwa na bahati, lina mita ya saa za injini. Hiyo ndiyo ya kusoma.

Matairi nayo yatakuonyesha meno marefu kama mapya. Angalia tarakimu nne zilizochapwa ubavuni, kwa mfano 2315: wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mpira uliokaa miaka kumi kwenye jua la Lodwar umekufa ukiwa umesimama, hata kama haujagusa lami.

Halafu springi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 500 ni nusu tani kabla hujahesabu pampu, mipira ya maji na watu. Ndiyo maana magari haya huongezewa pleti za springi nyuma. Ukishaondoa tangi na kuziacha pleti zote, pikapu tupu itakurusharusha kwenye mawe hadi abiria wako ahesabu mbavu. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Kuna wanaoona springi ngumu wakadhani sasa gari linabeba chochote. Breki, ekseli na shasi hazikuongezewa pleti.

Chini ya tangi ndiko kutu hujificha. Maji yamekuwa yakidondoka kwenye shasi miaka yote hiyo. Gongagonga kwa nyundo, usiridhike na rangi mpya. Na fundi wako akitaka kufunga bodi mpya ya mizigo, asitoboe wala kuchomelea ovyo kwenye kingo za juu na chini za shasi, kwa sababu hapo ndipo uzito wote unapokaa. Bodi ifungwe kwa bolti na vishikizo, kwenye matundu yaliyopo. Betri ikatwe kabla ya kuchomelea. Kama pampu ilikuwa inaendeshwa na giaboksi yenyewe, likitolewa lile tundu lipate kifuniko na gasketi, ama utakuwa unauza samaki huku unamwaga oili hadi Lokichar. Nyaya za king'ora na taa zitolewe kabisa, kuanzia kwenye fyuzi. Zikikatwa tu na kuachwa zikining'inia, gari la zimamoto ndilo litakaloungua. Kicheko hicho hatukitaki.

Haya, tangi.

Turkana ukiwa na tangi la lita 500 au 1,000 juu ya gari, hakuna atakayekuuliza ulifanyie nini. Utauza maji. Kuna mitaa ya Lodwar ambako mtungi wa lita 20 una bei kuliko soda, na Kakuma pamoja na Kalobeyei ni makao ya watu wanaokaribia 300,000 wanaotegemea mifereji ya zamu. Biashara hiyo imekaa pale inakuita. Tangi liko tayari, pampu iko tayari, mpira uko tayari. Hapo ndipo tunakuomba usimame.

Magari mengi ya zimamoto hayazimi moto kwa maji peke yake. Moto wa petroli huzimwa kwa povu, na kwa miongo mingi povu lililotumika zaidi duniani ni lile liitwalo AFFF. Ndani yake mna kemikali za jamii ya PFAS. Hizi zina sifa moja mbaya: hazivunjiki. Haziishi kwa jua, haziishi kwa kuchemsha, na hung'ang'ania kuta za tangi na mipira hata ukisuuza mara tatu kwa sabuni. Zikiingia mwilini hukaa miaka. Moja yao, PFOS, iliwekwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2009, na Kenya ni mwanachama wa mkataba huo. Nyingine, PFOA, ilifuata 2019. Mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likaipandisha PFOA hadi kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Hakuna rangi ya kukuonya. Maji yakitoka kwenye tangi hilo yatakuwa maangavu na matamu, na mama atawapa watoto. Wala usiseme basi utawauzia wafugaji wanyweshe mbuzi na ngamia, kwa sababu kemikali hizi hupita hadi kwenye maziwa na nyama, na maziwa hayo yanarudi kwenye kikombe kilekile. Kipimo chake kinahitaji maabara ya maana. Hakiuzwi dukani, na fundi hawezi kukipata kwa kunusa.

Ni kweli si kila tangi limeguswa na povu. Kwenye vitengo vingi vidogo povu hukaa kwenye mtungi wake pembeni na kuchanganywa na maji njiani. Pia kuna povu la kisasa lisilo na PFAS. Lakini wewe mnunuzi utajuaje? Kama muuzaji hana kumbukumbu ya maandishi inayosema tangi lilibeba maji matupu, lihesabu kuwa lilibeba povu. Kwa maoni yetu tangi la namna hiyo limebakiwa na kazi moja tu halali: kuzima moto. Na kazi hiyo ipo, tena ipo tele.

Fikiria Kakuma. Nyumba zimebanana, paa nyingi ni turubai na mabati, jiko ni la kuni au makaa, na upepo wa alasiri unaujua mwenyewe. Kutoka Lodwar hadi hapo ni karibu kilomita 120. Dereva shujaa akishikilia kilomita 80 kwa saa bila ng'ombe hata mmoja kukatiza barabara, ni saa moja na nusu. Duka la turubai huisha kabla chai haijapoa. Kwa hivyo moto wa mtaani huzimwa na walio karibu, kwa kile walicho nacho mkononi, na mara nyingi walicho nacho ni mchanga na ndoo.

Sasa angalia wakulima wa Australia wanavyofanya. Nao wanapenda hiyohiyo Land Cruiser 79. Msimu wa moto ukikaribia, wanapandisha kwenye bodi ya pikapu kitengo kidogo: fremu moja yenye tangi la lita mia kadhaa, pampu yenye injini yake ndogo, na mpira. Kinafungwa kwa bolti au mikanda. Msimu ukiisha kinashushwa, pikapu inaendelea kubeba majani ya mifugo. Hakuna gari lililofungwa mwaka mzima likisubiri moto, na hakuna moto unaosubiri gari.

Hicho ndicho tunachopendekeza kwa kaunti. Huduma za zimamoto, kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni mzigo wa kaunti, si wa mtu mwingine. Na Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015 haisemi lazima kila kitu kipigwe mnada. Inaruhusu pia mali kuhamishiwa idara nyingine ya umma. Basi gari likichoka, likatwe mara mbili. Pikapu iuzwe kwa mnada wa wazi. Tangi, pampu na mipira, kama bado vinafanya kazi, vitolewe vikiwa kitu kimoja, viwekwe kwenye fremu na kuhamishiwa pale gari kubwa halifiki upesi: Kakuma, Lokichoggio, Kalokol. Vijana wachache wafundishwe kuwasha pampu na kuitunza. Pikapu ya kukipandisha kitengo hicho haikosekani Turkana hata usiku wa manane.

Kinachofanyika nyuma ya ofisi nyingi za umma nchini ni kinyume. Gari linaharibika kidogo, linawekwa juu ya mawe, matairi yanatoweka, kisha betri, kisha viti. Miaka sita baadaye linauzwa kwa kilo. Hapo kijana hapati pikapu, na Kakuma haipati pampu. Lingeuzwa mwaka ule liliposimama, kaunti ingepata pesa na karakana ya jua kali ingepata kazi ya mwezi mzima.

Kwako wewe unayetaka kununua, karatasi zisikushinde. Magari ya kaunti yana namba zake, zile zenye CG katikati. Hauwezi kuondoka nazo, lazima gari lisajiliwe upya kwa jina lako au la kikundi chenu kupitia NTSA. Ukibadilisha bodi na rangi, Sheria ya Trafiki inakutaka umjulishe msajili na gari likaguliwe, maana hati ikisema zimamoto na macho ya polisi yakaona mbuzi, utaeleza hadi jioni. Ile taa ya kuzunguka ishuke, king'ora kishuke, hata kama rafiki zako wanasema kingependeza kwenye harusi. Bima mwambie ukweli kwamba sasa ni gari la mizigo. Na ukumbuke mnadani gari huuzwa lilivyo na lilipo. Nenda na fundi siku ya kutazama, si siku ya kulipa.

Mtu mmoja peke yake huenda asimudu, ndiyo maana tunasema kikundi. Mwenye kuchomelea aweke mikono yake, mwenye samaki aweke mzigo wake, mwenye leseni ya kuendesha aweke usingizi wake. Tumeona boda za kikundi zikifanya kazi miji hii miwili. Pikapu ya kikundi haina tofauti, ila migogoro yake ina magurudumu manne, kwa hivyo mwandikiane mapema nani anapata nini na nani analipa springi ikikatika.

Tunaiomba kaunti jambo dogo kwenye tangazo lake la mnada lijalo lenye gari la zimamoto. Pamoja na namba ya gari, mwaka na mahali pa kulitazamia, iandike saa za injini, iandike tangi liliwahi kutiwa povu gani, na iandike kama tangi linauzwa au linabaki. Mistari mitatu tu. Na wewe, ukilisoma tangazo hilo mistari hiyo ikiwa haipo, piga simu ofisini uulize kabla ya kuweka amana.