Kwa nini timu za kwanza za besiboli ya kulipwa hazikudumu?

Septemba 26, 2024, mashabiki wa Oakland, California, walitazama mechi ya mwisho ya Athletics mjini kwao, timu waliyokuwa nayo tangu 1968. Sasa inachezea West Sacramento ikisubiri uwanja mpya wa Las Vegas, uliopangwa kufunguliwa 2028. Je, timu ni mali ya mji au ya mwenye fedha? Ili kujibu, turudi nyuma kidogo.

Mei 4, 1871, ligi ya kwanza ya kulipwa nchini Marekani ilifunguliwa Fort Wayne, Indiana. Wenyeji, Kekionga, waliishinda timu ya Cleveland 2-0. Wachezaji wao wengi walikuwa wametolewa Baltimore. Kabla msimu haujaisha, Kekionga ilikuwa imevunjika.

Haikuwa peke yake. Mwaka 1873 timu ya Elizabeth, New Jersey, ilishinda mechi 2 na kupoteza 21. Mwaka 1875 Keokuk ya Iowa iliishia mechi 13, ushindi mmoja tu. Mwaka 1884 St. Paul ya Minnesota ilicheza mechi 9 katika ligi kuu, zote ugenini.

Tatizo lilikuwa nini? Ada ya kujiunga 1871 ilikuwa dola 10 tu, lakini mishahara, nauli za treni na malazi vilikuja baadaye. Hakukuwa na redio wala televisheni za kununua haki za matangazo. Timu ikipoteza mfululizo, watu hawaji uwanjani. Bila viingilio hakuna nauli. Safari ikifutwa, hata timu iliyokuwa ikiwangoja wageni inakosa mapato. Udhaifu wa mmoja uliwaumiza wote.

Mwaka 1876 William Hulbert wa Chicago aliongoza kuundwa kwa ligi mpya, National League. Ada ikawa dola 100, na mji ukatakiwa kuwa na watu wasiopungua 75,000. New York na Philadelphia zilipokataa kumaliza safari zao za magharibi, zilifukuzwa. Ligi hiyo ipo hadi leo, lakini miji midogo mingi ilibaki nje.

Kwa mtazamo wetu, hapo ndipo tofauti ilipo. Kekionga ilikufa kwa kukosa fedha. Athletics haikufa, imehamishwa, kama ilivyohama Philadelphia baada ya 1954 na Kansas City baada ya 1967. Ligi ilijifunza kuzilinda timu, si miji yake.

Jimbo la Nevada limeidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa uwanja wa Las Vegas. Kabla ya kushangilia, walipa kodi wa huko wana haki ya kuuliza: mkataba unaifunga timu kwa miaka mingapi, na ikiondoka, deni litabaki kwa nani?