Ufupi si Upungufu: Tamthilia Fupi na Jukwaa la Turkana

Katika mijadala mingi ya fasihi ya Kiswahili, tamthilia hupimwa kwa unene wa kitabu. Tamthilia yenye maonyesho mengi na orodha ndefu ya wahusika huhesabiwa kuwa kazi pevu, ilhali ile ya onyesho moja huchukuliwa kuwa zoezi la mtunzi anayejifunza kazi. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba tamthilia fupi ni sanaa kamili yenye vigezo vyake. Kwamba watunzi wa leo wanaendelea kuitunga na kuipeleka jukwaani. Na kwamba wahakiki wa Kiswahili wameitelekeza hasa kwa sababu hawaikuti vitabuni. Hasara ya kutelekezwa huko inajitokeza waziwazi katika miji iliyo mbali na vyuo vikuu vikongwe na wachapishaji, kama vile Lodwar, Kakuma na Lokichoggio katika Kaunti ya Turkana, ambako igizo fupi la hadharani huweza kuwafikia watu wasiofikiwa na kitabu cha tamthilia.

Kwanza ni vyema kuieleza tamthilia fupi ni nini. Si kipande kilichokatwa kutoka tamthilia ndefu, wala si kichekesho cha kupitishia wakati. Ni mchezo unaojengwa juu ya mgogoro mmoja, aghalabu katika mandhari moja, kwa wahusika wachache, nao huanza karibu sana na kilele chake. Mtunzi wa tamthilia ndefu anayo nafasi ya kueleza jinsi wahusika wake walivyofika walipo. Mtunzi wa tamthilia fupi hana nafasi hiyo. Yambidi historia nzima ya ndoa, ya kijiji au ya taifa aidokeze kwa namna mhusika anavyokataa kuketi, kwa swali lisilojibiwa, au kwa kitu kimoja kilichowekwa katikati ya jukwaa. Kwa hiyo anayeihakiki kwa kuuliza tu ina wahusika wangapi waliokuzwa kikamilifu amekosea kipimo. Swali linaloifaa ni hili: je, kila neno na kila kimya kimefanya kazi yake?

Kiswahili si kigeni kwa sanaa hii. Michezo mifupi ya Graham Hyslop iliyotolewa mwaka 1957, *Afadhali Mchawi* na *Mgeni Karibu*, ni miongoni mwa tamthilia za mwanzo kuchapishwa kwa Kiswahili nchini Kenya. Mwaka 1970 Ebrahim Hussein alitoa *Michezo ya Kuigiza*, kitabu chenye michezo miwili, *Wakati Ukuta* na *Alikiona*. Wa kwanza unaingia ndani ya nyumba ambamo wazazi na binti wanavutana kuhusu maisha ya kisasa. Wa pili unachota katika vichekesho vya pwani. Mwaka 1976 mtunzi huyo huyo alitoa *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, ambamo msimulizi mmoja anaweza kuubeba mchezo mzima kwa sauti na mwili wake. Naye Euphrase Kezilahabi, katika *Kaptula la Marx*, alitumia vazi moja lisilo kipimo cha mvaaji wake kuikejeli siasa ya taifa zima. Mchezo huo ulichapishwa mwaka 1999, miaka mingi baada ya kutungwa. Watunzi hawa hawakuandika kwa ufupi kwa kukosa la kusema. Waliuchagua ufupi kwa kuwa jambo walilotaka kulisema lilihitaji pigo moja.

Lugha nyingine zimeihifadhi sanaa hii kwa uangalifu zaidi. Mwaka 1968 Cosmo Pieterse alihariri *Ten One-Act Plays*, mkusanyiko wa tamthilia kumi za onyesho moja, katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann. Nchini Afrika Kusini, Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona waliutunga *The Island* mwaka 1973, mchezo wa wafungwa wawili katika chumba kimoja cha gereza, nao umeendelea kuchezwa ulimwenguni kwa zaidi ya miaka hamsini. Wahusika wawili na chumba kimoja walitosha kuushtaki mfumo mzima wa ubaguzi wa rangi.

Tamthilia fupi ya leo nchini Kenya makao yake makubwa ni Tamasha la Kitaifa la Drama la shule na vyuo, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1959. Kila mwaka michezo mipya hutungwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ikashindanishwa kutoka ngazi za chini hadi ya taifa, na kwa kuwa kila mchezo huwekewa kikomo cha muda, mtunzi hulazimika kuijua sanaa ya ufupi hata kama hakuwahi kuisoma darasani. Hata hivyo, mashindano yakimalizika, miswada mingi haichapishwi. Hubaki katika kabati la mwalimu au katika kumbukumbu za waigizaji. Mhakiki anayesubiri kitabu hawezi kuiona kamwe.

Ni jambo la kusikitisha kwamba michezo ya tamasha hilo iliyopata kujulikana nchini kote ilijulikana kwa sababu ya ugomvi. Mwaka 2013 mchezo wa *Shackles of Doom* wa Cleophas Malala, ulioigizwa na Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, ulizuiwa kufika tamasha la kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uruhusiwe. Mwaka 2025 shule hiyo hiyo ilikuwa na mchezo mwingine wa mtunzi huyo, *Echoes of War*. Mahakama iliamuru tena mchezo uchezwe, lakini mnamo Aprili, huko Nakuru, mtunzi alikamatwa, polisi wakatumia vitoa machozi kuwatawanya watu, nao wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Kwa kuwa Malala ni mwanasiasa pia, mjadala uliofuata ulihusu siasa yake, haki za watoto na uhuru wa kujieleza. Hayo yote yalistahili kujadiliwa. Ila swali la kifasihi, yaani mchezo ule ulijengwa vipi na je, ulikuwa mchezo mzuri, halikupata nafasi yake. Inaelekea wenye mamlaka waliitambua nguvu ya tamthilia fupi kabla ya wahakiki. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa mtu aitazame hali hiyo kutoka Turkana. Barabara inayotoka Lodwar kuelekea kaskazini-magharibi hufika Kakuma baada ya kilomita 120 hivi, na kilomita nyingine 95 hivi huifikisha Lokichoggio, karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Mwanafunzi wa sekondari katika miji hii hukutana na tamthilia kupitia kitabu teule. Miongoni mwa vilivyoteuliwa kwa nyakati mbalimbali ni *Kifo Kisimani*, *Mstahiki Meya*, *Kigogo* na *Bembea ya Maisha*. Hizi ni kazi zenye thamani. Lakini mtihani humtaka aeleze muktadha wa dondoo, ataje sifa za mhusika na aorodheshe maudhui. Kwa hiyo huisoma tamthilia kama riwaya iliyoandikwa kwa mazungumzo. Anaweza kupata alama nzuri bila kuwahi kuona mhusika hata mmoja akisimama mbele yake. Hadithi fupi zimepewa sehemu yao katika karatasi hiyo ya fasihi kupitia diwani kama *Damu Nyeusi*, *Tumbo Lisiloshiba* na *Mapambazuko ya Machweo*. Tamthilia fupi haina sehemu yake, ingawa ndiyo pekee ambayo darasa lingeweza kuigiza nzima katika kipindi kimoja au viwili.

Nje ya darasa, hali ni kinyume. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na ikiunganishwa na makazi ya Kalobeyei, wakimbizi na waomba hifadhi walioko huko walikaribia 300,000 kufikia mwaka 2025. Maigizo mafupi ya hadharani yametumiwa huko na mashirika ya misaada kuhimiza usafi, elimu ya wasichana na kinga dhidi ya maradhi. Maigizo hayo yana manufaa yasiyokanika. Lakini mengi ya aina yake, popote yanapochezwa, yana kasoro moja: jibu limeshaandikwa kabla ya swali. Mhusika mbaya anaadhibiwa, mhusika mwema anatoa hotuba, hadhira inapiga makofi na kwenda zake. Hapo ndipo uhakiki ulipohitajika. Kama wataalamu wa fasihi wangekuwa wameonyesha tofauti kati ya tangazo lililovalishwa maleba na tamthilia inayomwachia mtazamaji kazi ya kuamua, vikundi vya maigizo vingekuwa na kipimo cha kujikosoa.

Wapo watakaosema kwamba hadhira ya Turkana, ambayo kwa sehemu kubwa Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, haiwezi kuhimili mchezo wa mafumbo. Dai hili halina mashiko. Waturkana wana desturi ya akiriket, ambapo wanaume huketi nusu duara kwa kufuata makundi yao ya Mawe na Chui, nyama ikaliwa na maneno mazito yakasemwa kwa utaratibu unaojulikana na wote. Nani ameketi wapi ni maana tosha hata kabla ya neno kutamkwa. Jamii inayosoma maana katika mpangilio wa miili haihitaji kufundishwa jukwaa ni nini. Aidha, wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi wamekuja Kakuma na Kiswahili chao, chenye lafudhi na msamiati wake. Mtunzi mwerevu anaweza kuzifanya tofauti hizo kuwa mchezo wenyewe: watu wawili kwenye foleni ya maji, kila mmoja akidai kwamba Kiswahili chake ndicho sahihi, ilhali mtungi ni mmoja.

Wala hakuna upungufu wa visa. Huko Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa kuanzia mwaka 1953. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, alipewa kazi ya upishi, na wafungwa hao wakaingiwa na mfarakano mkali. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, alikokaa hadi mwaka 1961. Sufuria moja, mpishi mmoja na wafungwa wasioelewana: hiyo ni tamthilia fupi inayongoja kalamu. Lokichoggio nayo ilikuwa kituo kikuu cha misaada iliyopelekwa kusini mwa Sudan chini ya mpango wa *Operation Lifeline Sudan* ulioanza mwaka 1989. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005, mashirika yalianza kuhamia Juba, na mwaka 2006 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikaikabidhi hospitali yake ya Lopiding iliyofunguliwa mwaka 1987. Amani ya jirani ikawa ukosefu wa kazi kwa mji. Huo ni mgogoro usiohitaji mhusika mwovu, na ndio aina ya mgogoro ambao tamthilia fupi huubeba vizuri.

Je, la kufanya ni lipi? Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vianze kukusanya miswada ya tamasha la drama, kwa idhini ya watunzi na kwa kulinda haki zao, ili diwani za tamthilia fupi zichapishwe kama zinavyochapishwa diwani za hadithi. Pili, tahakiki ya tamthilia fupi ianzie kwenye onyesho. Mhakiki atazame, aandike kilichotendeka jukwaani na jinsi hadhira ilivyokipokea, kisha ndipo ausome mswada. Tatu, idara za Kiswahili zikubali tasnifu zinazochunguza michezo ambayo haijachapishwa, pamoja na ile inayochezwa Lodwar na Kakuma. Wakati wenyewe unafaa. Mtaala wa umilisi ulifika gredi ya 10 mnamo Januari 2026, ukiwa na somo la maigizo na filamu kwa wanaochagua mkondo wa sanaa, na mtihani wa KCSE wa mfumo wa zamani umepangwa kufikia tamati mwaka 2027. Walimu watahitaji matini za Kiswahili zinazoweza kuigizwa. Zisipopatikana, pengo litajazwa na matini za lugha nyingine.

Pingamizi la mwisho ni kwamba si kila mchezo mfupi unastahili kuhifadhiwa. Ni kweli. Michezo mingi ya mashindano hutungwa ili kumpendeza mwamuzi, na mingine hujaa mahubiri. Lakini hata riwaya mbovu zipo, na hakuna aliyependekeza kwamba riwaya isihakikiwe. Uhakiki ndio unaotenganisha pumba na mchele, na pale usipokuwepo, vyote huozea ghala moja. Mtunzi kijana wa Lodwar anayefanya kazi nzuri leo hana mahali pa kuambiwa kwamba ameifanya vizuri, wala kwa nini. Kumpatia mahali hapo ni wajibu wa wasomi wa Kiswahili, na hakuhitaji zaidi ya wao kwenda kuketi mbele ya jukwaa lake.